Mbavu Ambazo Sikuzionja

Mimi ndiye niliyepikiwa mbavu za Festo kwa mara ya kwanza, na mpaka tunamzika mwezi uliopita sikuwa nimezionja. Watu hawajui. Pale ukumbini, baada ya kutoka makaburini, sahani zilikuwa zinapita mkono kwa mkono, na kila aliyenifikia alikuwa na lake la kusema juu ya mbavu hizo: kwamba harusi fulani isingekuwa harusi bila mbavu za Festo, kwamba alizipika hata kwenye sherehe za watu aliowajua kwa salamu tu, kwamba Wakorea wenyewe wangeomba awafundishe. Wakishasema walikuwa wananitazama, wakingoja na mimi niongeze langu, maana mke ndiye anayejua mapishi ya nyumbani. Mke! Hata neno hilo walilitamka kwa uangalifu, kwa sababu miaka tuliyoishi mbalimbali ilishaipita mbali ile tuliyoishi pamoja, na hakuna aliyejua anipe pole ya mjane au pole ya jirani. Mchungaji aliimaliza kesi kwa kuniita "mama yetu Atupele". Nikaitikia. Ukifika umri wangu unaitikia chochote.

Kisha Furaha akanijia na sahani ya karatasi. Huyu ni binti wa Papa Deo, Mkongo wa Bukavu aliyekuwa akibeba maboksi pamoja na Festo kwenye ghala moja huko Markham, na ndiye aliyekuja kuwa ndugu yake wa huku. Furaha amekulia hapa. Kiswahili anakisikia chote, hata matusi, ila anajibu kwa Kiingereza. Festo ndiye aliyemfundisha kupika zile mbavu, na siku ya msiba alizipika mwenyewe, trei kwa trei, macho yamemvimba. Akaniambia kwa hicho Kiingereza chake kwamba wote wanasema zimefika, lakini anajua wanamwonea huruma. Tantine, ndiyo shangazi ya kwao, onja wewe, niambie ukweli. Baba yake alikuwa amekaa karibu yetu na kikombe cha chai. Nikamwona ameacha kunywa. Papa Deo anajua. Nikaishika ile sahani, na mwaka wangu wa kwanza wa Toronto ukanirudia wote, na baridi yake.

Nilifika Februari, nina miaka ishirini na tisa, baada ya miaka minne ya kukaa Mbeya kama mke wa kwenye simu. Festo alinipokea uwanja wa ndege na koti mkononi, koti la kiume, zito kama godoro. Akanivisha mwenyewe, akapandisha zipu mpaka kidevuni, akanishika mabega akanitazama. Hakunibusu, sisi si watu wa hayo mbele za watu. Alisema tu kwamba nimekonda. Njia nzima mpaka North York alikuwa akinionyesha vitu ambavyo sikuviona, maana kioo cha gari kilikuwa kimeganda ukungu, na kila baada ya maneno kadhaa alirudia lile lile: kuna kitu nimekuandalia, wewe subiri tu, kuna kitu. Nilifikiri labda kanunua kitanda kipya. Nilikuwa na furaha siku ile, lazima niseme hivyo, kwa sababu nikisimulia yaliyofuata mtu anaweza kudhani nilikuja na roho mbaya. Nilikuja nikimpenda mume wangu.

Alikuwa anakaa chini ya nyumba ya mjane mmoja wa Kikorea, huku kwenye vyumba vya chini ambavyo sote tunaviita besimenti. Dirisha lilikuwa moja, jembamba, karibu na dari, nusu limefukiwa na theluji, na mwanga ulioingia ulikuwa mweupe kama maziwa yaliyotiwa maji. Harufu ilitupokea mlangoni kabla hatujavua viatu. Nyama. Nyama, asali, vitunguu saumu, na pilipili ya namna ambayo pua yangu haikuwahi kukutana nayo. Mate yalinijaa mdomoni. Sijawahi kumwambia mtu hilo, lakini yalinijaa, nikameza. Festo akanikalisha, akafungua oveni, akatoa trei kwa kitambaa, na usoni alikuwa na ile furaha ya mtu aliyesubiri miaka minne siku moja. Mbavu za nguruwe, zimepangwa kama vidole, nyekundu, zinang'aa kana kwamba zimepakwa rangi ya kucha.

Ili mtu aelewe, inabidi nirudi Mbeya kidogo. Nyuma ya soko kulikuwa na kibanda cha kitimoto, na ndipo Festo alipokuwa akinipeleka tulipokuwa wachumba. Anaagiza kilo, rosti, ndizi pembeni, kachumbari, halafu ananichagulia vipande vya mbavu kwenye sinia na kunisogezea upande wangu. Mimi nilikuwa mtu wa mifupa. Nilikuwa naguguna mpaka mfupa unabaki mweupe, na yule muuzaji alinitania kwamba dada huyu akila, mbwa wa soko wanalala njaa. Festo alikuwa akiwaambia watu mfupa mweupe ndiyo asante ya kweli, mengine ni adabu, na kwamba alinioa kwa sababu ya ile mifupa. Alikuwa anatania, lakini si sana. Basi alipofika Canada, peke yake, mama mwenye nyumba akamshushia sahani ya mbavu za kwao Korea, na yeye akala akakaribia kulia. Aliniambia kwenye simu: Atu, hiki ni kitimoto, ila kimesoma. Akaenda juu kuomba afundishwe, na tangu hapo akawa anajifunza, wiki baada ya wiki, kwa ajili ya siku nitakayofika.

Siku hiyo akawa ananieleza huku akipakua, hawezi kunyamaza. Mbavu zinalowekwa kwenye maji baridi mpaka damu itoke. Zinachemshwa kidogo, na maji yale ya kwanza yanamwagwa yote, ndiyo, yote, usishangae, ukiyaacha harufu haitoki. Zinaoshwa moja moja bombani kama vikombe. Ndipo zinapikwa polepole kwenye mchuzi wa soya na tangawizi na peasi lililokunwa, na mwisho zinapakwa kwa brashi lile rojo la pilipili na asali, zinaingia oveni chini ya moto wa juu, zinatoka, zinapakwa, zinarudi, mpaka zing'ae hivi. Akaniwekea nne. Akachagua zenye nyama, akazielekeza upande wangu, kama zamani. Akakaa mbele yangu hajajipakulia, anataka kwanza aone.

"Festo," nikasema, "mimi sili nguruwe siku hizi."

Akacheka. "Tangu lini?"

"Tangu nilipobatizwa. Nilikwambia."

"Uliniambia umehama kanisa. Hukuniambia umehama meza."

Na kweli nilimwambia. Nilimwambia kwenye simu kwamba nimejiunga na Wasabato, na yeye akajibu Mungu ni yule yule, tukaendelea na habari za viza. Kwetu hata mtoto wa chekechea anajua Msabato hali nguruwe. Nilidhani amejua, sikuona haja ya kumtajia. Yeye naye, kwa miaka minne alikuwa akinikumbuka mimi yule wa kwenye kibanda, na yule hakuwa na kanisa linalokataza kitu. Hakuna aliyemdanganya mwenzake. Nimelifikiria hili miaka yote, nikitafuta mahali pa kuweka lawama, hata kidogo tu, nipate pa kupumzikia. Sijapaona. Festo alikata karatasi ya foili, akaifunika ile trei taratibu, akabana kingo zote nne, akairudisha kwenye oveni iliyozimwa. Mimi nikala wali kwa kabichi yao ya pilipili, iliyokuwa tamu kweli, nikaisifia kupita kiasi. Tukalala.

Alitaka kujua kwa nini, na siku zile za mwanzo nilijaribu kumweleza. Mwaka wa pili baada ya yeye kuondoka niliugua, homa ya tumbo iliyonilaza wiki nyingi, nikabaki na macho na meno. Kanisa letu la zamani walituma salamu. Mama Nsia, Mpare aliyekuwa akipanga chumba cha jirani, akaja yeye mwenyewe na wenzake wa Sabato, wakawa wanapeana zamu: huyu analeta uji, huyu anafua mashuka, huyu ananisomea neno. Hawakuniambia nihame. Nilipopona nikawafuata mwenyewe. Kwangu mimi kutokula nguruwe hakukuwa sheria ya kitabu tu, kulikuwa ni kukaa upande wa watu waliokaa na mimi. Nilimweleza hivyo, kwa maneno haya haya, na nikaona uso wake unabadilika. Alichosikia yeye ni kwamba nilipokuwa nakufa hakuwepo. Sikusema hivyo. Lakini ndicho kilichokuwa ndani ya maneno, hata nikiyageuza vipi, na tangu siku hiyo kila nilipoisukuma sahani aliisikia ile homa.

Majira ya kuchipua yalipofika nikapata kazi kwenye nyumba ya wazee, huko Richmond Hill, kuwaogesha na kuwalisha. Jumamosi ni Sabato, kwa hiyo nilikubaliana na wenzangu nifanye Jumapili badala yake. Festo alikuwa anafanya Jumamosi ghalani na kwenda kanisani Jumapili. Ukipanga hesabu hiyo utaona mwenyewe: alipopumzika yeye nilikuwa kazini, nilipopumzika mimi alikuwa kazini, na kilichobaki ni Jumapili alasiri. Na Jumapili alasiri ndiyo ilikuwa saa ya mbavu. Hakuacha kuzipika. Angeachaje, alikuwa ameshajifunza, na watu walishazipenda. Wanakuja kutoka ibadani, Wakongo, Warundi, Wakenya wawili watatu, wanajaa kwenye ile besimenti wakiwa wameshika sahani mapajani, na mimi narudi kutoka kwa wazee wangu nawakuta, navua koti, nawakaribisha. Nilikuwa nawahudumia vizuri, asije mtu akasema. Sufuria la nguruwe tulikuwa tumelifunga utepe mwekundu kwenye mpini, na brashi yake vilevile, vyangu vikakaa kabati la juu. Nilijifunza kuosha sufuria lile kwa kijiti na maji ya moto bila kuligusa.

Jumapili moja nilikuwa chumbani nabadilisha nguo za kazi. Ukuta ulikuwa wa mbao laini, ukikohoa huku mtu anakuombea kule. Wageni wengine walikuwa wamekwenda, amebaki Papa Deo. Nikamsikia anauliza kwa Kiswahili chake cha Bukavu, kwa upole, "Lakini ndugu, madame yako anakataa hata kidogo? Hata mchuzi?" Nilisimama na soksi mkononi nikingoja anitetee, au anitanie, chochote kile ambacho mume husema. Festo akasema, "Deo, niliyemtumia tiketi siye aliyeshuka kwenye ndege." Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ningetoka nimjibu, mimi sina mdomo wa kukopa. Alisema kama mtu anayesema mvua imekatika. Nikakaa kitandani na soksi yangu mpaka nikasikia mlango, ndipo nikatoka nikaosha vyombo.

Mama mwenye nyumba aliyaona yote. Tulimwita Mama Jun, kwa mwanawe Jun, maana na wao huitana kwa majina ya watoto kama sisi, na Kiingereza chake na changu vilikuwa vinalingana kwa uchache, kwa hiyo tulielewana vizuri sana. Ndiye aliyeniambia siku moja, bila kukusudia ubaya, kwamba kabichi yake niipendayo hivi huikanda na uduvi wa chumvi. Uduvi! Nimekula uduvi tangu Februari, mimi niliyekataa mbavu za mume wangu, na uduvi kwetu ni haramu vilevile. Nilikwenda kutapika, haikutoka, bila shaka haikutoka, ilikuwa ni ya miezi. Ningeweza ningemficha Festo, lakini Mama Jun alishamsimulia akicheka. Jioni Festo akanikuta jikoni. Akasema ama kweli, ukistaajabu ya Musa. Uduvi umeula na Mungu hajakuangusha, sasa ubavu mmoja wa mumeo ndio utakaokutupa motoni? Nikamwambia uduvi sikuujua na ubavu naujua. Akasema hapo ndipo penyewe, kwamba nikijua ni chake ndipo ninapokataa. Tukagombana usiku ule kama hatujawahi, na Mama Jun juu akawa anatembeatembea, akijuta, nadhani, ile kabichi.

Ndiye aliyejaribu kutupatanisha. Alimwambia Festo kwamba kwao hata mbavu za ng'ombe hupikwa hivyo hivyo, tena ndizo za heshima zaidi, ndizo za kumpikia mkwe. Festo akazitafuta. Nilimkuta Jumapili hiyo bila mgeni hata mmoja, amewaambia wasije, meza imefunikwa kitambaa, na mbavu za ng'ombe ziko kwenye trei. Moyo wangu uliruka. Niliona mtu anayejaribu. Akatoa trei chini ya moto wa juu, akachovya brashi kwenye rojo, akaanza kuzipaka kwa mara ya mwisho, na mimi nikaiona brashi. Ilikuwa na utepe mwekundu. Alikuwa amesahau, najua alikuwa amesahau, mkono umezoea. Nilikuwa na nafasi ya kunyamaza. Nikauliza, "Festo, hiyo siyo brashi ile?" Akaitazama. Akaiweka mezani juu ya kitambaa cheupe, ikaacha doa, akavaa koti lake akatoka. Wapo walioniambia baadaye kwamba ningekula tu, brashi ni nini. Hao hawajawahi kuwa na kitu ambacho wakikiachia kidogo kinakwenda chote. Nililia sana siku hiyo, na bado ningeuliza.

Kisha ikaja ile Jumapili ya ubatizo wa Furaha, aliyekuwa bado mchanga. Festo alikuwa ameahidi kupika, na siku chache kabla boksi likamwangukia ghalani, mkono wa kulia ukafungwa bendeji mpaka kwenye kiwiko. Papa Deo alisema isiwe taabu, watanunua kuku. Festo akawa mnyonge kama mtoto aliyeambiwa mvua imeharibu safari. Nikamwambia mimi nitapika. Akanitazama kama hajasikia. Nikamwambia kaa hapo, uniongoze, mimi nina mikono. Niliomba ruhusa kazini, nikavaa glovu za wazee wangu, zile za kuogeshea, nikaanza. Nililoweka. Nilichemsha. Nilimwaga maji ya kwanza, na hapo roho iliniuma, maana nimelelewa katika nyumba ambamo maji ya mifupa ni supu ya mgeni na kuyamwaga ni laana. Niliosha moja moja. Nilikuna peasi. Yeye alikaa kwenye kiti karibu na jiko, mkono ukiwa kifuani.

Shida ilikuwa kuonja. Nitajuaje imefika? Kwa hiyo nilikuwa nachota kwa kijiko, napuliza, namlisha. Bado chumvi, anasema. Napunguza moto, naongeza, nachota tena, napuliza, namlisha. Asali kidogo. Nachota. Hivyo hivyo mchana wote, uso wangu karibu na uso wake, na mimi nikimtazama mdomo na macho ili nijue kabla hajasema. Mwishowe nikawa najua. Nikajua kwa harufu tu kwamba tangawizi imetangulia, na kwa ule mlio wa rojo likianza kuwa zito kwamba ni wakati wa kuzima. Hatukuwa tumekaribiana hivyo tangu aliponifunga zipu uwanja wa ndege. Kulikuwa na wakati nilimwona ananitabasamia, na nikafikiri, basi, tumevuka. Nilifikiri hivyo kabisa.

Wageni walikula, wakaimba, mtoto akabebwa na kila mtu. Mifupa ilirudi myeupe, sinia zima. Walipoondoka alichukua ubavu mmoja uliobaki, kwa mkono wa kushoto, akaja akasimama mbele yangu.

"Umepika wewe mwenyewe, Atu," akasema. "Onja kidogo tu. Nikuone."

"Siwezi, Festo."

"Sikulazimishi. Nakuomba."

"Najua. Siwezi."

Akatikisa kichwa taratibu, akikubali, bila ugomvi. "Basi," akasema. Akaula yeye mwenyewe akiwa amesimama. Nimesikia maneno mengi ya kuachana katika maisha yangu, ya wenzangu, mahakamani, kanisani, kwenye simu. Sijasikia jingine fupi kama lile. Ilipofika Februari nyingine nilikuwa nimehamia Scarborough, chumba kimoja na manesi wawili wa Kisii, Wasabato wenzangu, na Festo ndiye aliyenibebea masanduku. Hatukupeana talaka. Hakuoa, sikuolewa. Tulikuwa tunaonana kwenye harusi na misiba. Ananiuliza wazee wangu hawajambo, namuuliza mkono haumsumbui na baridi. Wanawake wa kanisani waliniambia kuvunjika kwa koleo siyo mwisho wa uhunzi. Nikawa naitikia. Mimi koleo lilikuwa lile moja.

Basi pale ukumbini nilikuwa nimeishika sahani ya Furaha, na yeye anangoja. Niliiinua mpaka puani. Nikamwambia, "Mwanangu, maji ya kwanza hukuyamwaga yote. Na tangawizi imechelewa." Macho yalimtoka. Akakiri, ndiyo, alikuwa na haraka, zilikuwa nyingi, hakuosha moja moja, na akaniuliza nimejuaje wala sijala. Papa Deo akainamia chai yake. Nikamrudishia Furaha sahani, nikamkumbatia, nikasema baba yako mdogo angekula hivyo hivyo, wala asingesema. Huo ulikuwa uongo. Angesema.

Jumapili iliyopita nilikwenda kwenye duka la Wakorea, mimi mzee wa kanisa la Sabato, nikanunua mbavu za nguruwe. Nilibeba ule mfuko mbali na mwili kama mtu aliyepewa mtoto wa jirani aliyelowa. Nikanunua na sufuria, na brashi. Nyumbani nikaloweka, nikachemsha, nikamwaga, nikaosha, nikakuna peasi. Hakukuwa na wa kumlisha kijiko na sikumhitaji. Nilisikiliza. Zilipotoka kwenye oveni zilikuwa zinang'aa kama zile za siku ya kwanza, na nyumba yangu yote ikanukia besimenti. Nikapakua nne, nikachagua zenye nyama. Nikachukua mmoja nikauleta mpaka mdomoni, na mate yakanijaa, yale yale ya Februari ile. Nikauweka chini. Nikizila leo nitakuwa nimemkosea Mungu wala sijamfurahisha Festo. Alitaka anione, na sasa hayupo wa kuniona. Nikakaa nazo mezani mpaka zikapoa na ile asali ikaganda. Kisha nikafunika na foili, nikabana kingo zote nne, nikazipeleka nje kwenye pipa la kijani, lile la mabaki ya chakula.

Usiku theluji ya kwanza ilianguka. Asubuhi, nikitoka kwenda kazini, nikakuta pipa limelazwa. Ni rakuni, wale wanyama wa huku wanaofanana na paka mnene aliyejipaka masizi machoni. Wa mtaa wetu wanajua kufungua lile pipa kuliko mimi mlipa kodi. Foili ilikuwa imechanwa, na mifupa imetapakaa juu ya theluji kuanzia ukutani mpaka barabarani. Nikavua glovu, nikaanza kuiokota. Yote ilikuwa myeupe.